Ampli Iliyochelewa Kuamka

Mwaka wa pili wa vita vya pili vya kwetu, wakati watu wengi wa Uvira walikuwa wakichagua kati ya kubaki na kukimbia, kwaya yetu ya Rugenge ilikuwa ikichagua ampli ya gita. Siandiki haya ili kutucheka. Tulifanya uchaguzi ule kwa uzito ambao sijauona tena katika nchi yangu, hata siku ambazo tumepewa nafasi ya kuchagua watu.

Ampli zilikuwa mbili. Zililetwa na mfanyabiashara mmoja wa bandari ya Kalundu, mtu mnene na mpole, aliyekuwa amenunua vyombo vya Mzungu mmoja aliyehama Bujumbura. Vitanda na friji vilikwisha upesi. Zikabaki ampli, na kwa kuwa mke wake aliimba soprano kwetu, akatuachia zote mbili kwa juma moja: tujaribu, tuchague moja, nyingine ataipeleka kuiuza Kigoma.

Moja ilikuwa nyeusi, kubwa, yenye vitufe vingi na taa za kijani na nyekundu. Ukiiwasha, inaitika papo hapo kama mwanafunzi anayemwogopa mwalimu. Ya pili ilikuwa ndogo, imevikwa kitambaa kigumu cha rangi ya kahawa yenye maziwa, na mistari iliyolala upande, kama valizi ya safari ya mmisionari wa zamani. Fundi mmoja wa Ulaya aliitengeneza kwa mkono wake, chache kama hiyo kwa mwaka, akifuata namna ampli zilivyotengenezwa wakati babu zetu walikuwa vijana. Ndani ilikuwa na lampi: vichupa vya kioo, kimoja kama kidole gumba, ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Nyuma palibandikwa karatasi ya mwandiko wa fundi mwenyewe, kwa Kifaransa, ikisema kwamba mpigaji asiogope ikianza kupasua sauti anapoikaza, kwani imetengenezwa kwa ajili hiyo hiyo.

Prezida wa kwaya, mwalimu mzee wa hesabu, aliisoma karatasi ile mara mbili.

"Mafundi ya kwetu wanaharibu ampli na wananyamaza," akasema. "Huyu anaharibu na anaandika barua."

Mpiga gita wetu alikuwa kaka yangu. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Wapiga gita wengine wawili walikuwa wamevuka ziwa tangu vita vianze, kwa hiyo alibaki peke yake na nyuzi zetu zote. Alasiri ya kwanza aliunganisha gita lake kwenye ile ya kitambaa, akangoja lampi zipate rangi ya kaa la moto, akagusa uzi mmoja kwa kidole. Nilikuwa nafagia kanisa. Niliacha kufagia. Sauti haikutoka kama sauti za ampli nilizozijua, zile zinazokurushia wimbo kama mtu anayekutupia ndoo ya maji. Ilikuja na kuketi. Alipoigusa taratibu ilikuwa safi, hata nilisikia ngozi ya kidole chake ikiacha uzi. Alipoikaza ilianza kukwaruza, kama sauti ya mama anayeimba kwenye matanga siku ya tatu, wakati machozi yamekwisha na koo limebaki na ukweli tu. Yaya alifumba macho. Kisha akafumbua na kuniangalia, akacheka kwa aibu, kama nimemkuta akila sukari ya wageni.

Jioni ile, nyumbani, alimwambia mama waziwazi. Yule mfanyabiashara alikuwa amemwomba aende naye Kigoma. Kulikuwa na hoteli iliyotafuta mpiga gita.

"Wakichagua ile ya kitambaa, minye nabaki," akasema. "Wakichagua ile nyeusi, siwezi. Ile iko inapiga kelele, haipigi gita. Nitaenda."

Mwaka ule mashua mbili zilikuwa zimetoka Kalundu na hazikufika popote. Mama alimwongezea samaki kwenye sahani, na mimi akaniangalia kwa namna ambayo sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa msaidizi wa sekretari wa kwaya, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Kwa macho ya mama, hiyo ilikuwa serikali.

Lazima nieleze jambo moja ili prezida asionekane mjinga. Wakati ule gita la Jumapili lilikuwa ndiyo habari yetu. Redio zilisema mambo ya miji mikubwa. Lakini familia zilizolala milimani, na zile zilizojificha kwa ndugu kando ya ziwa, asubuhi ya Jumapili zilitega sikio: gita likisikika kutoka Rugenge, basi njia ni shwari, mtu anaweza kushuka, kusali, hata kununua chumvi. Lisiposikika, wanabaki walipo. Kwa hiyo prezida aliona kwamba ampli haichaguliwi kwa utamu. Inachaguliwa kwa umbali.

"Utamu utasikiwa na sisi tuliomo ndani," alituambia. "Umbali utasikiwa na wale wanaotaka kuishi."

Sikuweza kumpinga wakati ule, na hata leo nashindwa.

Alipanga mtihani kama alivyopanga mitihani ya shule. Ampli zitawekwa mlangoni mwa kanisa. Wasikilizaji watakaa vituo vitatu: mama wawili wa alto penye bomba la maji, baba mmoja wa besi sokoni, na mimi mbali kuliko wote, barabara ya Kalundu inapoanza. Saa tatu kamili itapigwa ya kitambaa; saa tatu na robo, nyeusi. Kila mtu aandike: ya kwanza inasikika namna gani, ya pili inasikika namna gani. Aliomba hata ruhusa kwa wanajeshi, maana kukusanyika bila karatasi kulikatazwa. Wakampa karatasi yenye muhuri: kelele ya majaribio, kuanzia saa tatu hadi saa tatu na nusu. Bunduki zilizokuwa zikilia milimani hazikuwa na karatasi hata moja, lakini hilo halikuwa juu yetu.

Nilifika kituoni kwangu mapema. Prezida alikuwa ameniazima saa yake ya mkono. Pale hapakusikika kitu. Kulikuwa na mawimbi, malori, wachukuzi wakitukanana kwa furaha juu ya magunia, mwanamke akitangaza ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Hata kengele ya kanisa isingefika. Sikuingoja saa tatu. Nilikaa juu ya jiwe, nikafungua daftari, na kwa mwandiko wangu mzuri nikaandika: *Ya kwanza: inasikika wazi kabisa, tamu, kama iko ndani ya nyumba. Ya pili: hakuna.* Nikaweka hata mstari chini ya *hakuna.* Kisha nikanunua karanga. Nilijisikia kama mtu aliyemshika ndugu yake shati ukingoni mwa maji.

Yaliyotokea kanisani niliyajua baadaye. Saa tatu kamili yaya aliwasha ile ya kitambaa. Kimya. Prezida akaangalia saa ya ukutani. Sekunde kumi, kimya. Sekunde ishirini.

"Imekufa," prezida akasema.

"Haikufa, papa. Iko inaamka. Inaomba dakika moja tu."

"Otorizasio iko na dakika makumi tatu. Ampli ya kulala tutaifanyia nini siku ya kukimbia? Tuamshe kwanza ile ingine."

Wakapiga nyeusi kwanza. Ya kitambaa, lampi zake zikiwa tayari zimewaka vizuri kabisa, ilipigwa ya pili. Hakuna aliyefikiri kutuma mtu vituoni. Wenye masikio wangejitambulia wenyewe.

Alasiri komite ilikaa mbele ya kwaya yote. Prezida alisoma matokeo kwa sauti. Mama wa bomba walisikia zote mbili. Baba wa sokoni: ya kwanza sana, ya pili kidogo kama mbu. Kisha akafungua daftari langu, na nikaona uso wake ukifurahi.

"Na huku Kalundu, mbali kabisa, msaidizi wa sekretari anaandika: ya kwanza, wazi kabisa, tamu, kama iko ndani ya nyumba. Ya pili, hakuna. Ndugu zangu, ya kwanza njo ile nyeusi. Tulibadilisha kwa sababu ile ingine ilichelewa kuamka."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa soprano alinigeukia: "Weye binti, una masikio ya popo!" Yaya alikuwa ameegemea ukuta. Aliniangalia, akaangalia daftari, akaniangalia tena. Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema: sikusikia chochote, niliandika kabla. Watu arobaini walikuwa wananitabasamia. Nilifunga mdomo, na kwa kuwa ilikuwa kazi yangu, nikaandika ripoti: *Ampli nyeusi imechaguliwa kwa sauti moja.* Prezida akatia sahihi na muhuri wa kwaya.

Asubuhi ya tatu mfanyabiashara alikuja na mkokoteni kuichukua ile iliyokataliwa. Yaya aliifunga kwa blanketi lake mwenyewe, akatembea kando yake hadi Kalundu, mkono mmoja juu ya kitambaa, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Mama alibaki mlangoni. Hakulia. Aliniuliza tu: "Kweli huko mbali ile ndogo haikusikika hata kidogo?" Nikatoka mbio.

Niliwakuta bandarini. Mashua ilikuwa imejaa, lakini ilingoja karatasi kutoka kwa wanajeshi, na mwenye muhuri alikuwa bado anakunywa chai. Yaya alikaa juu ya magunia, ampli katikati ya magoti yake. Nilimwambia yote pale pale, mbele ya wachukuzi: jiwe, karanga, mstari chini ya *hakuna.*

Alicheka mpaka mchukuzi mmoja akasimama kumwangalia.

"Minye nilijua," akasema. "Mama akikuita kula, uko hatua tano na husikie. Sasa Kalundu utasikia gita?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema dada yangu ni muongo mbele ya kwaya yote? Hiyo kazi ilikuwa ya kwako." Akakwaruza kitambaa kwa ukucha. "Sikia. Mashua haijatoka. Nenda ukamwambie prezida. Akikubali warudie mtihani, nashuka na ampli yangu, naishi na mama. Kimbia."

Nilikimbia kutoka Kalundu hadi Rugenge, na sijawahi kukimbia vile hata siku za risasi. Prezida nilimkuta anapalilia maharagwe nyuma ya nyumba. Nilisema yote kwa pumzi moja. Alisimama, akanipa maji, akangoja nimalize kunywa. Alikuwa mtu mwema. Hilo naliandika bila kejeli yoyote.

"Binti yangu," akasema, "umefanya vizuri kusema. Mungu amesikia. Lakini ripoti imetiwa muhuri."

"Papa, yaya yuko mu mashua!"

"Naelewa. Ila minye peke yangu siwezi kuvunja uamuzi wa komite. Nikivunja huu leo, kesho watasema nilivunja ule wa sare za kwaya. Inafaa mkutano. Na mkutano unaomba otorizasio."

Aliingia ndani. Nilimsikia akitafuta kalamu, akihamisha vitabu, akimuuliza mke wake juu ya miwani. Akatoka na karatasi iliyoandikwa vizuri sana, herufi zote zimesimama wima: *Mwaliko. Mkutano wa dharura wa komite, Jumamosi, saa nane. Ajenda: 1. Sala. 2. Kusikia neno la msaidizi wa sekretari. 3. Mengineyo.*

"Mupelekee," akasema. "Mwambie angoje mpaka Jumamosi."

Nilirudi Kalundu na karatasi ile mkononi, imelowa jasho. Mwenye muhuri alikuwa amemaliza chai. Mashua ilikuwa imekwisha kuwa ndogo, na sikuweza kutofautisha watu na magunia. Niliinua karatasi juu, sijui kwa nini, kana kwamba mtu angeweza kuisoma kutoka huko. Mchukuzi mmoja, yule aliyekuwa akimwangalia yaya akicheka, aliniuliza kama ni barua ya polisi. Nikamwambia ni mwaliko. Akasema basi wamechelewa kumualika.

Jumamosi nilisema neno langu. Waliniacha nimalize, na mama wawili walitokwa na machozi. Wakanisamehe kwa sauti moja. Uamuzi wa ampli ulibaki kama ulivyo, kwa sababu ile nyingine haikuwepo tena ili ijaribiwe. Chini ya *Mengineyo* waliongea muda mrefu juu ya mafuta ya jenereta, kisha juu ya nani atajifunza gita, wakakubaliana kuliangalia hilo mkutano unaofuata. Niliandika ripoti. Prezida aliusifu mwandiko.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anasonga ugali. Hakuinua kichwa.

"Wamesema nini?"

"Wamenisamehe."

"Na juu ya yaya yako?"

"Hakuwa mu ajenda, mama."

Aliendelea kusonga. Hatukuwa tumepata habari yoyote kutoka Kigoma, na tungekaa miezi mitano zaidi kabla ya kuipata. Akaepua sufuria, akapanga sahani tatu, kisha akairudisha moja kabatini.