Mkate wa Kuwakaribisha Wapolandi

Naomba mnicheke mapema tumalize, maana hata mimi mwenyewe nikipita dukani nikaona mkate umepangwa kwenye shelfu nahisi uso unapata joto, na hapa mtaani kwetu Ihumwa wapo watu wazima na akili zao ambao mpaka leo wananiita Mama Mkate, wakati mimi nina mtoto na mtoto ana jina.

Ilikuwa hivi. Kwenye nyumba inayotazamana na yangu walihamia mke na mume kutoka Poland, Marek na Danuta, waliokuja kufundisha vijana kuchomelea vyuma kwenye karakana moja kule Kizota. Watu wapole, Kiswahili walishakisoma miezi kadhaa kabla ya kufika, na ingawa sentensi zao zilikuwa zinayumba, shikamoo walikuwa hawakosei. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Chilongani, akatukusanya mbele ya duka akauliza nani atawakaribisha kwa niaba ya wote, na kabla mtu hajafungua mdomo mimi nikadakia, "Niachieni mimi, mila za hawa watu nazijua." (Mila za Poland! Mimi, ambaye asubuhi ile ungeniuliza Poland iko wapi ningekuonyesha Brazil. Kazi yangu ni masjala, kwenye ofisi moja kule Mtumba, nashinda na mafaili, sijui kiburi kile nilikiokota wapi.)

Nikaingia kwenye simu, nikatafuta, nikakuta kwamba kwao mgeni wa heshima hupokelewa mlangoni kwa mkate na chumvi, anachovya, anakula, basi ameshakuwa mtu wa nyumbani. Nikaona kazi imekwisha.

Wakati huo mama yangu alikuwa kwangu. Alikuja kutoka kijijini kutibiwa macho, tukakubaliana akae mpaka mvua zianze, na nilifurahi kwelikweli kwa sababu tangu niolewe tulikuwa hatujakaa pamoja hata wiki mbili. Alikuja na mfuko wa mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, alioukausha mwenyewe, unga wa uwele, na bonge la magadi, ile soda chungu ya kulainishia mboga, kwa sababu mlenda bila magadi kwake si mlenda. Aliposikia habari za wageni uso ulimng'aa. "Basi mimi nitawapikia mlenda," akasema, "wajue wamefika Ugogo."

Laiti ningekohoa tu nikanyamaza. "Hapana, mama," nikamwambia, "hawa ni wageni wa maana, mlenda utatutia aibu. Nitapika pilau na kuku. Wewe siku hiyo pumzika tu."

Mama hakugomba. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu." Kesho yake nikamkuta anakunja vitenge vyake anavipanga kwenye begi. Akasema atarudi kijijini wiki inayofuata, eti macho yamepata nafuu. Macho yalikuwa hayajapata nafuu yoyote, asubuhi ile ile alikuwa amemimina chai nje ya kikombe. Nilijua nimemuumiza, na niliogopa akiondoka hivyo hatarudi tena kwangu, lakini nikajiambia nitambembeleza shughuli ikipita, kwanza wageni.

Jumamosi mchana watu wakafika, majirani kama kumi hivi, Mzee Chilongani na koti lake, na Zuhura, Mrangi wa Kondoa ambaye tunachangia naye ukuta na ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Marek na Danuta wakasimama mlangoni wanatabasamu. Mimi na sinia langu, mkate umekatwa vizuri, kitambaa chini, nikagundua chumvi sina. Nikakimbilia jikoni. Mkebe wa chumvi mtupu, yote nimeimalizia kwenye pilau. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake pembeni ya jiko la mkaa, anajipikia chakula chake, na juu ya meza palikuwa na kibakuli cha unga mweupe. Mtu wa kawaida angeuliza, "Mama, hii ni nini?" Lakini mimi na mama siku zile tulikuwa tumebakiza salamu tu, kwa hiyo nikakichukua kimyakimya nikatoka. (Mgogo mimi, baba Mgogo, mama Mgogo, nashindwa kutofautisha chumvi na magadi!)

Nikatoa hotuba, nikasema mkate na chumvi ni alama ya undugu, tule sote. Marek, kwa kuwa ni mtu wa heshima, alichovya kipande chote. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakajaa maji, shingo ikanyooka, akameza. "Asante sana," akasema polepole, "mila nzuri." Danuta naye akala, akashika kifua, akasema, "Ina nguvu." Mzee Chilongani hakutaka mtaa wake uonekane mwoga, akakata kipande kikubwa kuliko vyote, uso ukajikunja wote, akameza, kisha akaniinamia sikioni, "Hawa wenzetu wana vyakula vigumu, lakini tufanyeje, ndiyo heshima yao." Zuhura alikula viwili kwa sababu Marek alikuwa anamtazama. Mimi nilikuwa napiga picha. Sikuonja hata punje.

Tukakaa, pilau likaliwa kwa kasi ambayo nilidhani ni sifa kwa mpishi (kumbe watu walikuwa wanatafuta cha kuondoa ladha mdomoni). Mazungumzo yakanoga. Danuta akatueleza supu yao nyekundu ya bitiruti, na matango wanayoyachachusha kwenye pipa mpaka yawe makali, na unga wanaoukunja na kutia viazi ndani kisha wanachemsha, kama sambusa.

"Sambusa mnaichemsha?" Zuhura akauliza kwa uchungu. "Imewakosea nini?"

Tukacheka sana. Marek akasema usiku wa kuamkia Krismasi kwao huwekwa sahani moja ya ziada mezani, ya mtu ambaye hakualikwa, kama atatokea. Mzee Chilongani akasema kwetu sisi asiyealikwa hula kwenye sahani yako wewe. Ndipo Danuta akanigeukia, "Suzana, nimesikia mama yako yupo. Hali pamoja nasi?"

"Amepumzika," nikajibu. Na wakati huo huo mwiko ulikuwa unasikika jikoni, mama anasonga ugali wake wa uwele, peke yake.

Walipoondoka mama akaja na swali moja. "Kibakuli changu cha magadi umekipeleka wapi?"

Nikachovya kidole kwenye kibakuli, nikalamba. Ladha ya sabuni tupu. Nikakaa palepale chini.

"Umewalisha wageni magadi?" mama akauliza.

"Usimwambie mtu, mama, nakuomba."

"Nimwambie nani?" akasema. "Mimi si nimepumzika."

Ningeweza kuvuka barabara dakika ile, nikaomba radhi, tukacheka, ikaisha. Sikuvuka. Nikasema watasahau. Siku nne baadaye Danuta akaja kutualika kwake, na akasisitiza bibi lazima awepo, na mama, ambaye begi lake lilikuwa limeshafungwa zipu, akasogeza safari mbele kwa sababu kukataa mwaliko hawezi.

Tukafika, majirani wale wale, sura zile zile. Katikati ya meza palikuwa na mkate mkubwa wa mviringo aliouoka Danuta mwenyewe, na pembeni yake kisahani cha unga ambao sasa niliutambua hata kwa mbali.

"Tumezunguka soko zima," Danuta akasema kwa furaha, "kila mtu anatupa chumvi ya kawaida, tunasema hapana, ile ya Suzana ilikuwa chungu. Mwisho mama mmoja akatuonjesha hii, tukasema ndiyo yenyewe!" Akampelekea mama yangu kwanza, kwa mikono miwili. Mama akakata, akachovya, akala, akameza taratibu. "Asante, mwanangu," akamwambia. Kisha akanitazama mimi.

Mzee Chilongani alipofikiwa na kisahani, alikirudisha mezani. "Mama Danuta, samahani," akasema, "hii mila yenu, huko Poland mnaifanya mara nyingi?"

"Yetu?" Danuta akashangaa. "Sisi tunatumia chumvi. Hii si mila ya Wagogo?"

Shingo zote zikanigeukia. Nikasema. Nilisema yote ya magadi, mfululizo, bila kupumua, huku jasho linanitoka kama nimekimbizwa. Marek akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na Zuhura akapiga kelele, "Tumbo limenisokota siku mbili nikavumilia, nasema acha nife kwa ajili ya ujirani mwema!" Mzee Chilongani alicheka huku anajifuta macho na koti. Nikadhani nimepona.

Danuta akauliza, kwa nia safi kabisa, "Lakini magadi ni ya kazi gani?"

"Ya mlenda," Mzee Chilongani akajibu. "Ndicho chakula chetu hapa."

"Mbona kwako hatukula mlenda, Suzana?"

Nikaanza kuokota makombo ya mkate mezani. Ya magadi ilikuwa aibu ya kuchekwa. Hii sikuwa na namna ya kuisema mbele ya watu, na mama yangu ameketi pale.

"Kosa langu mimi," mama akasema. "Siku ile niliamka naumwa. Mwanangu akanionea huruma, akaniambia nipumzike."

Watu wakasema pole, mama. Danuta akamshika mkono. Na mimi nikaacha watu wampe mama yangu pole ya ugonjwa ambao hakuugua.

Tulipotoka nikamshika mkono kumvusha barabara. Katikati nikashindwa kutembea. "Mama, mbona umenisitiri? Baada ya nilivyokufanyia?"

Alijitanda kitenge chake vizuri. "Wewe ulinionea aibu mbele ya wageni," akasema. "Na mimi nikikuonea aibu, tutabaki na nani?"

Nililia palepale barabarani, na bodaboda ananipigia honi. Nikamwomba radhi, nikamwomba asiondoke, na tulipofika ndani aliuliza kama tunayo nyanya ya kutia kwenye mlenda.

Jumapili iliyofuata alipika mlenda wake, tukawaita wote wale wale. Danuta alikula sahani mbili, Marek mlenda ulimkimbia ukaishia kwenye shati akaomba kijiko, na mama alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini kabla hawajala nilisimama nikawaambia ukweli, kwamba mama hakuumwa, ni mimi niliyemficha jikoni. Ndiyo sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kusema, na nimeapa sitarudi kujiweka mahali pa kulazimika kuisema tena. Siku hizi mgeni akibisha hodi kwangu, awe wa Poland au wa Kongwa, mama ndiye anayefungua mlango.