Mkia wa Injini Uliokwenda Kuresoi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo. Fundi Mkuu wa karakana ya ekzosi, yaani mabomba ya moshi wa magari, Singasinga aliyezaliwa na kukulia Nakuru, alinipa mkasi na ubavu wa katoni, akaniambia nimtengenezee koni. Nilikata pembetatu, nikaikunja, nikampelekea.

"Hiyo ni sambusa," akasema. "Mimi nimeomba koni."

Kisha akatoa chapati yake ya saa nne, akakata kipande kama cha keki, akaking'ata ncha na kukizungusha kwenye kidole gumba. "Ona. Koni ikifunguliwa si pembetatu. Ni kipande cha duara kilichong'atwa. Sasa kula, halafu urudie na bati."

Nawaeleza hayo ninyi vijana kwa sababu mtu akishajua koni, sehemu kubwa ya kazi ya bati ameishika. Mengine nilijifunza polepole. Bomba hujazwa mchanga mkavu kabla ya kukunjwa, lisibonyee kwenye kona. Mshono hushikizwa kwanza kwa nukta za weldi, huku na huku, ndipo uunganishwe wote, la sivyo joto hulipinda bati. Na kila ekzosi huachiwa tundu dogo la msumari kwenye kona yake ya chini kabisa, ili maji yanayotokana na moshi yatoke yasije yakaiozesha. Tundu hilo tulilitoboa bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati.

Baada ya miaka kadhaa nilikwenda Naivasha, kwenye shamba la maua, kuangalia mitambo. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Mitambo, mama mpole wa sauti lakini asiyerudia neno. Kwenye nyumba za plastiki walipulizia dawa kwa mashine ndefu ya kubeba begani, iliyotoa moshi mzito na kelele ya kuudhi. Nilipoletewa ya kwanza iliyoharibika, niliifungua nikaanza kutafuta.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Pistoni, mama."

"Haina. Usiitafute."

Akachukua chupa tupu ya soda, akapuliza juu ya mdomo wake, ikalia. Hivyo ndivyo nilivyofahamishwa injini ya mapigo, na mimi nitawafahamisha vivyo hivyo. Hewa ndani ya chupa huenda na kurudi, kama springi. Sasa wazia chumba cha chuma chenye mdomo mfupi upande mmoja na mkia mrefu upande mwingine. Ndani yake tia hewa na gesi, uwashe kwa plagi. Moto hulipuka, hewa ya moto hukimbilia nje kwa kasi kupita kiasi, na chumba hubaki na upungufu wa hewa. Upungufu huo huvuta hewa mpya kupitia mdomo, na sehemu ya ule moto wa mkiani hurudi na kuiwasha. Mlipuko mwingine. Hufanya hivyo mara nyingi mno kwa sekunde moja, hadi masikio yako yanasikia mngurumo mmoja tu. Ikishashika, hata plagi unaizima.

Niliishi Kihoto, mtaa wa kando ya ziwa, na maji ya mvua yalipoingia chumbani kwangu kwa mara ya pili nilifunga virago nikarudi Nakuru. Fundi Mkuu akanirudishia meza yangu ya zamani. Nilipomsimulia habari za ile mashine ya moshi, macho yake yaliwaka. Alikuwa ameshazeeka na magoti yalimsumbua, lakini jioni hiyohiyo alipiga magoti akachora chumba, mdomo na mkia kwa chaki sakafuni.

"Tunajenga moja," akasema. "Kubwa kuliko ya maua."

"Ya kazi gani?"

"Ya kutufurahisha. Jumamosi mchana, kazi ya wateja ikiisha."

Hivyo mwaka wa 2007 wote tulikuwa na kazi mbili, ya mkate na ya moyo. Mimi nilikata na kukunja koni. Kulehemu kulikuwa kwa Chirchir, kijana kutoka Kuresoi, mwenye mkono uliotulia kuliko wote niliopata kufanya nao kazi. Mshono wake ulilala kama nyuzi za mkeka. Alikuwa pia na mdomo. Mimi nikimuuliza kama bati limeshika, alijibu, "Mzee Kamau, hiyo ikiachana, hata serikali imeachana."

Mkia tuliukunja katikati, ukarudi nyuma, ili mdomo na mkia vielekee upande mmoja na visukume pamoja. Urefu wake ndio hupanga mapigo, kama urefu wa filimbi unavyopanga sauti. Tulipowasha, tulipuliza hewa kwa feni ya mhunzi, tukafungua gesi, ikanguruma. Tulipoondoa feni, ikakohoa na kufa. Tulipunguza gesi, maana Nakuru tuko juu, hewa ni nyepesi, na injini hutaka gesi kidogo kuliko kule Mombasa. Ikakohoa vizuri zaidi, kisha ikafa. Fundi wetu wa rangi aliipa jina Kifua Kikuu.

Krismasi ilipokaribia, Chirchir aliufungua mkia akaufunga kwa gunia.

"Unaupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Baba hakubali kuna injini bila pistoni. Amesema mimi nadanganywa na wazee wa town."

"Na mkia peke yake utamwonyesha nini?"

"Nitamwambia hiyo ingine iko kwako."

Akaondoka. Kisha ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi mnajua yaliyotupata, au mmeambiwa, jinsi watu wa kabila langu na wa kabila la Chirchir walivyofukuzana na kuuana. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo. Karakana ilifungwa. Nyumbani kwangu walilala binamu zangu waliotoka Molo na nguo walizovaa tu, na kati yao hakuna aliyetaka kusikia nikilitaja jina la Chirchir. Simu yake haikupatikana. Nilijua pia kwamba huko kwao kuna watu wasiotaka kusikia langu.

Tulipofungua tena, tulikuwa wachache. Chumba cha ile injini kilikaa juu ya rafu na mdomo wake, bila mkia.

"Huyo harudi, boss," fundi wa rangi akaniambia. Hakusema kwa ubaya. "Kata mkia mwingine. Ni kazi ya Jumamosi moja."

Alisema kweli. Bati lilikuwepo, vipimo vilikuwa kichwani mwangu, na kulehemu najua, ingawa si kama Chirchir. Lakini niliona wazi kwamba siku nitakayokata mkia mwingine, nitakuwa nimekubali kwamba mtu yule hatakuwa tena mfanyakazi mwenzetu, na kwamba watu wa Nakuru wamegawanyika hivyo moja kwa moja. Sikukata. Jumamosi zikapita.

Fundi Mkuu alinikuta nimesimama mbele ya rafu. "Bati liko. Mbona hukati?"

"Mkia uko."

"Uko wapi?"

"Kuresoi."

Akajikuna ndevu. "Basi ngoja," akasema. Baadaye nikamsikia akimwambia mteja kwamba mtu wake wa weldi yuko likizo.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza lori la viazi liliposimama langoni na Chirchir akashuka, amekonda, gunia begani. Karakana nzima iliweka vyombo chini. Hata grainda ilizimwa.

"Sasa, wazee," akasema. "Mmeniwekea mrithi?"

"Tulikuwa tunahoji watu," nikamjibu. "Wote walikuwa na adabu, tukawakataa."

Akacheka kidogo, kisha akaniuliza habari za watu wangu wa Molo, mmoja mmoja. Nilimjibu. Na mimi nikamuuliza za kwao. Hatukuharakisha. Ndugu zake walikuwa wamemuuliza kama ana kichaa, kurudi Nakuru. Aliwaambia amebeba mali ya watu.

Ndipo akafungua gunia. Mkia ulikuwa na matope na chembe za majani makavu ndani.

"Baba bado hakuamini," akasema. "Alisema kama hii kitu haiendi, basi ishike maji. Akaifunga kwa paa, ikawa mfereji wa tangi. Mvua ya kwanza, akaniita. 'Njoo uone bomba lenu. Linavuja.'"

Akaugeuza. Kwenye kona ya chini, pale mkia unapokunjika, palikuwa na tundu la msumari.

Fundi Mkuu alikuwa amesogea, tukaliangalia sisi watatu. Kila mmoja wetu angeweza kuwa ndiye aliyelitoboa, na hakuna aliyekumbuka. Mikono ilifanya ilivyozoea.

"Hatukujenga injini," Chirchir akasema. "Tulijenga ekzosi."

Kwa gari, tundu hilo ni dawa. Kwa injini inayoishi kwa hewa kwenda na kurudi, ni kama kidole kilichoondolewa kwenye tundu la filimbi. Nguvu inatorokea hapo na wimbo unavunjika. Chirchir aliliziba, akalisugua hadi sikuweza kuliona.

Lakini kuiwasha injini kukawa jambo jingine. Injini ya mapigo inapoanza hutoa milio mikavu kama ya bunduki, mmoja mmoja, na mwaka ule hakuna aliyekuwa tayari kusikia milio ya aina hiyo. Fundi Mkuu alisema ataenda kituo cha polisi yeye mwenyewe kuwaeleza. "Ninyi wawili mtazunguka kwa majirani. Pamoja. Si mmoja huku na mwingine kule."

Tukazunguka. Tulianza kwa mama wa chai wa pale langoni, aliyezoea kuniita kwa jina la binti yangu.

"Mlio tena, Baba Njeri? Hatujasikia ya kutosha?" Akamtazama mwenzangu. "Na huyu?"

"Huyu ndiye mwenye mkia."

"Mkia gani?"

"Wa injini, mathe," Chirchir akasema. "Mwingine sina."

Alijizuia, akashindwa, akacheka akishika meza. Si wote waliocheka. Seremala mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Wewe nimekusikia," na akafunga mlango bila kumtazama Chirchir. Chirchir akauambia mlango, kwa sauti ya kawaida, "Ni saa nane mchana, mzee. Ukisikia, ni sisi." Tukaenda mlango uliofuata.

Saa nane tuliifunga injini kwenye fremu ya chuma katikati ya uwanja. Mimi nilishika feni, Chirchir gesi. Ilipiga mara chache, ile milio mikavu, na nikaona watu langoni wakishikana mikono. Kisha ikashika. Niliondoa feni. Haikufa. Sauti ilijaa kifuani hata ukashindwa kujua ni ya nje au ya ndani yako. Chuma kikawa chekundu kama kaa, mtungi wa gesi ukaota barafu kwa jinsi gesi ilivyotoka kwa kasi, na Fundi Mkuu alisimama na viganja masikioni, ndevu zikitetemeka. Chirchir akafunga gesi. Mama wa chai ndiye aliyesema kwanza. "Sasa hiyo inasaga nini?" akauliza.

Haikusaga kitu, na vijana wanaonitembelea siku hizi huniuliza swali lilelile. Fundi Mkuu alistaafu akaenda kwa bintiye, mimi nikamfuata kustaafu, na sikio langu la kushoto sasa husikia redio ya sauti ya juu tu. Mkitaka kujenga ya kwenu, nitawasaidia koni. Vaeni kinga ya masikio, fanyeni nje, na mwambieni kila jirani. Haitawalisha. Itawafundisha kuitazama mikono yenu wenyewe inapofanya jambo bila kuwauliza.

Lakini nikikumbuka kazi yangu yote, siku ninayoirudia si ile ya mngurumo. Ni Jumatatu iliyofuata. Chirchir aliingia saa mbili kasoro, akavaa ovaroli, akauliza gari la kwanza ni la nani. Fundi wa rangi alimwambia, na wakaanza kulifungua.