Aliyetajwa Mara Thelathini na Moja

Daktari Abdérémane alikuwa na chumba kimoja cha wagonjwa wa moyo huko Hombo, mjini Mutsamudu, na kifaa chake kikubwa kilikuwa sikio. Aliweka sikio kifuani mwa mtoto, akafumba macho, kisha akaandika daftarini. Wengi walikuwa watoto ambao homa ya koo ilikuwa imewaharibia vali, milango midogo ya moyo. Wengine sikio liliwahi. Wengine, Mungu awarehemu, lilichelewa.

Kusikiliza huko alifundishwa na Mroivili, muuguzi mzee aliyerudishwa na wakimbizi wenzake kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, baada ya mauaji ya huko, mwaka wa sabini na saba. Walifanya kazi pamoja miaka minne, hata mzee akastaafu, akarudi kwao Moroni, kisiwa kingine, mtaa wa Badjanani. Katika miaka hiyo walitoa makala mbili katika jarida la madaktari huko Ufaransa. Kila mstari aliuandika Abdérémane. Lakini wakati wa kuweka majina ulipofika, mkono ulimkataa. Nani humtangulia mkubwa wake mlangoni? Akaandika Mroivili kwanza, la kwake likafuata.

Mwaka wa themanini na tano ikaja habari kwamba mashine ya kuchora mapigo ya moyo imeletwa Moroni kama msaada. Ni moja tu, na atapewa yule ambaye makala zake zimetajwa zaidi na wataalamu wengine. Abdérémane akapanda ndege. Kwenye uwanja wa ndege, mamluki wa Kizungu mwenye sare nyeusi, mmoja wa waliomlinda rais siku hizo, akazigeuzageuza karatasi zake zenye michoro.

"Ramani ya nini hii?"

"Ya moyo."

"Wa nani?"

"Wa watoto."

Akamwachia.

Ofisini alimkuta karani, Bibi Chamsia, na kitabu kinene kutoka Paris, kinachoorodhesha nani kamtaja nani. Makala ikiwa na waandishi wawili, kitabu hicho kilimhesabu aliyeandikwa kwanza tu.

"Huna kitu humu, daktari. Hata mara moja."

"Tazama vizuri, dada yangu."

"Nimetazama. Daktari mmoja wa hapa ana tisa. Halafu yuko huyu Mroivili, ana thelathini na moja. Unamjua?"

Abdérémane akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Makala hizo nimeziandika mimi."

"Wangapi wameniambia hivyo! Mashine inamfuata mwenye jina. Aje mwenyewe kabla ya Ijumaa."

Akashuka vichochoro vya Badjanani kwenda kwa Mroivili, akipima mambo. Mzee akisema makala si zake, mashine itakwenda kwa mwenye tisa. Akisema ni zake, itabaki Moroni anakoishi. Njia zote mbili Hombo inakosa.

Mroivili alisikiliza mpaka mwisho. "Mara thelathini na moja?"

"Ndiyo, Fundi." Fundi, kwao, ndiye mwalimu.

"Na hapa barazani, kwa kuwa sikufanya ndoa kuu, ile harusi ya gharama inayompa mwanamume joho na sauti mbele ya watu, nikitaka kusema neno naambiwa, kaa chini, wewe bado mtoto."

"Mtoto wa miaka sabini na moja," akadakia mkewe, Moinafouraha, "asiyeweza kutafuna hata muhogo!"

Mzee hakucheka. "Umenivika joho lisilo langu, mwanangu."

"Nilikupa heshima."

"Heshima ya kuwanyima watoto mashine?"

Abdérémane akainamisha kichwa.

Asubuhi mzee akavaa kanzu ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumatano, akaenda naye ofisini.

"Wewe ndiye Mroivili?" akauliza Chamsia. "Mashine tukuletee wapi, Badjanani?"

"Badjanani nalala tu. Zifungue hizo makala, mama. Kila mtoto aliyemo ni wa Hombo. Zimetajwa kwa ajili yao."

Chamsia akasoma, akafunua, akasoma tena. "Lakini mzee, wewe umestaafu."

"Nimestaafu mshahara. Masikio bado ninayo. Andika Hombo, nami nitaifuata mashine."

Akaandika.

Ndivyo Mroivili alivyohamia Mutsamudu na mkewe, na masufuria yote ya Moinafouraha. Kila asubuhi alisikiliza kwanza, akasema alichosikia, ndipo mashine ikachora. Na siku ilipokubaliana naye aliipigapiga mgongoni kama punda.

Makala ya tatu ilipokwisha, mzee aliomba kalamu. Akaandika Abdérémane juu, polepole, na lake chini.

"Fundi, usifanye hivyo."

"Mimi nimeshatajwa vya kutosha. Mashine ikiharibika, watamtafuta nani, mimi nikiwa kaburini?"

Abdérémane akaipeleka bahasha posta. Lakini mlangoni, wakati wa kutoka, alisimama kando kama siku zote, akamngoja mzee atangulie.