Zebaki kwenye Bwawa la Mjomba

Siku mwalimu wetu wa chuo cha kilimo pale Morogoro alipotufundisha habari za zebaki, nilitoka darasani kama nimelewa. Jamani! Kumbe zebaki ikizama kwenye tope la bwawa hailali. Mle chini, kusikofika hewa, kuna bakteria wanaoigeuza ikawa sumu nyingine, kali zaidi, inayong'ang'ania nyama za viumbe. Wadudu wa majini wanaipata, samaki wadogo wanakula wadudu, kambale anawala wote, na anayemla kambale anapokea mzigo mzima. Viumbe wasioonekana, na wanapika! Nilitamani kumsimamisha kila mpita njia wa mtaani Mafiga nimweleze.

Jumamosi nikapanda mlima kwenda nyumbani, roho juu. Nikamkuta mjomba kwenye bwawa la kijiji. Lilikuwa bwawa la ujamaa, la wote, lakini yeye ndiye aliyelisimamia tangu jembe la kwanza. Kesho yake baada ya misa kijiji kizima kingekula samaki wake kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Njoo uone!" Akamwinua kambale kwa mikono miwili, mnene huyo! "Huyu nampelekea mdogo wako leo leo. Mimba yake imechagua samaki, haitaki kingine."

Nilicheka naye, mpaka nilipoona gunia kuukuu kando ya maji, lina madoa mekundu. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, yamefifia, ila neno la zebaki lilisomeka. Mjomba akanieleza bila wasiwasi. Msimu uliopita mbegu za mahindi za gunia lile, zenye dawa, zilibaki baada ya kupanda, na njaa ilikuwa inabisha hodi. Wakaziroweka bwawani kama tunavyoroweka muhogo mchungu, mpaka wekundu ukatoka. Wakawaonjesha kuku kwanza, kuku wakafa, basi mahindi yakafukiwa na habari ikaisha.

"Haikuisha, mjomba! Sumu ya muhogo inakwenda na maji. Hii imebaki humu!"

"Maji maangavu hivi? Na samaki wamenona?"

"Siyo maji, ni tope! Togwa ikikaa inakuwa pombe. Umewahi kumwona anayeigeuza?"

"Loo! Kumbe chuoni mnasomea pombe," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia nisimwaibishe mbele ya watu.

Nilikasirika, sifichi. Nikashuka hadi jikoni kwa mdogo wangu, nikakuta kambale ameshafika, ameshakatwa, yuko chunguni. Nikammwagia habari yote, bakteria, tope, wadudu, hata pumzi sivuti. Akanisikiliza, mwiko mkononi.

"Na huyu wa ndani, dada, naye atakula?"

"Huyo ndiye atakayeumia zaidi."

Akaepua chungu, akakibeba mwenyewe na tumbo lake mpaka bwawani, akakitua miguuni pa mjomba.

"Mjomba, nina hamu mpaka machozi yananitoka. Niambie nile, nitakula."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa juu yake. Mjomba alikitazama chungu, akalitazama bwawa lake, akachukua jembe na kuanza kuchimba shimo la kumfukia samaki.

"Kesho tutakula maharage," akasema, bila kumtazama mtu.

Alipotaka kubomoa na ukingo wa bwawa nikapiga kelele: tope lile likishuka, wa bondeni watakunywa nini? Tukaliacha bwawa palepale, hakuna aliyevua tena.

Kipimo hatukuwa nacho. Hadi leo sijui sumu ilikuwa kiasi gani mle, na mjomba aliishi na kutojua huko zaidi kuliko mimi. Miezi ile ya kumngoja mtoto hakunitania hata mara moja.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, analia mpaka majirani wakatoka nje. Alikuwa wa kike, anarusha mateke. Mjomba akampokea, akamkagua vidole, akamtazama macho, kisha akamwinua kwa mikono miwili.

"Njooni mwone!" akapaza sauti. "Njooni mwone!"