Jicho la Kufumia

Kazi ya fundi ilikuwa kufuma matundu ya nguo za watu, yale ya moto wa pasi na ya meno ya panya, hadi mwenye nguo mwenyewe aulize tundu lilikuwa wapi. Miwani aliivaa tangu utotoni na alikuwa ameichoka vibaya. Mvuke wa pasi uliitia ukungu, jasho liliiteremsha puani.

Mdogo wake, dereva wa lori, alishafanyiwa leza ya macho akaachana na miwani, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumua nyumbani kwa majigambo yake.

"Dada, unaogopa nini? Hujamaliza hata kusali, wao wameshamaliza. Mimi sasa nasoma kibao cha barabarani wenzangu bado wanakodoa!"

Lakini fundi alikuwa mwoga, tena hakujificha. Akaulizia lenzi ngumu za kulala nazo: usiku zinabonyeza uso wa jicho, asubuhi unazivua, mchana kutwa unaona bila miwani.

Daktari wa macho alimweleza taratibu. Leza inakwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi. Lenzi ukiziacha, jicho linarudi lilivyokuwa. Kisha akauliza, "Mama, kazi ya karibu unaifanya na miwani?"

"Ndiyo," akajibu fundi.

Hakukusudia kudanganya. Mafundi wa kufuma wenye macho yasiyoona mbali kama yake huivua miwani na kuleta kitambaa mpaka puani, ila hakuna anayeita huko kuona. Wao huita kufuma tu.

Lenzi zilipokolea, akaamka akamwona nzi kwenye kioo cha dirisha. Akacheka peke yake kama mwehu. Halafu akakaa kazini, akalileta koti la sufu puani, na nyuzi zote zikawa uji. Akabadilisha balbu. Akaosha macho. Akautukana uzi, maskini, usio na kosa. Akaazima miwani ya kusomea ya jirani: kitambaa akakiona, uzi mmoja mmoja hakuuona.

Akarudi kwa daktari mbio.

"Mama, huko kutoona mbali ndiko kulikokupa kuona karibu hivyo," daktari akasema. "Kwa umri wako, tukikunyooshea mbali, karibu panaondoka."

"Na ningefanya leza?"

"Tungekutafutia miwani ya kukuzia. Lile jicho la zamani lisingerudi."

Fundi akarudi nyumbani. Akaziacha lenzi, akangoja, na kungoja kukamla: mikono ipo, kazi ipo, jicho halipo. Mdogo wake akaja, mdomo wote umemwisha.

"Dada, ningekuponza."

"Ungeniponza kweli," fundi akasema. "Wewe macho yako ni ya barabara. Yangu ni ya hapa mezani."

Asubuhi moja akaliinua tena koti lile. Nyuzi zikajitokeza, mmoja baada ya mwingine, wa juu na wa chini. Machozi yakamtoka kwa wingi, ikabidi angoje yakauke ndipo aone pa kupitisha sindano.