Jina Tulilompa Shujaa wa Korea

Nianze kwa kujisifu kabisa, nisije nikajisifu katikati mkaniona sina adabu. Pale bandari kavu ya Isaka, miaka ya tisini ikielekea kwisha, hakukuwa na mkono uliochora lori kuushinda wangu. Wanaobisha wapo, na wengine bado tunasalimiana.

Ila machoni pa watu, kazi ile ilikuwa ya baba. Baba ndiye aliyekuwa fundi wa maandishi, anajulikana na madereva wote waliokuja kupakia mizigo ya Kigali na Bujumbura. Kisha akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanzo alisema ni vumbi la reli. Baadaye akaacha kusema, akawa anagusa ukuta akitoka nje. Basi tukapatana nyumbani, baba, mama na mimi: baba anakaa mbele ya lori, anapokea wateja, anapiga nao stori. Dereva akienda kula au kufuatilia karatasi zake, mimi nachora haraka haraka. Akirudi, brashi iko mkononi mwa baba, mimi nimeshika ufagio. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ingejulikana kwamba fundi haoni, kesho yake tu madereva wangevuka reli kwenda kwa fundi mwingine. Na nani angemkabidhi binti lori lake? Siri ile ndiyo iliyotulisha.

Vile vitabu vilikuja ndani ya kasha la mashine ya kusaga. Kasha lilijazwa makaratasi ili mashine isichezecheze njiani, na kati ya makaratasi mlikuwa na vitabu vitatu vya katuni. Dereva aliyelifungua akavitupa miguuni kwa baba. "Mzee, washia moto hivyo." Washia moto! Nilivikumbatia kabla hajamaliza kusema. Tuliviita vya Kichina, kwa sababu kwetu kila herufi ngeni ilikuwa ya Kichina.

Jamani, michoro ile! Wino mweusi tii, kila ukurasa una giza lake. Shujaa alikuwa kijana mwenye nywele nyeupe, mkono wa kulia kauzungushia mnyororo. Akiukunjua, kivuli chake kinainuka kutoka ardhini, kinashika upanga na kupigana ubavuni mwake. Kulikuwa na mwanamke anayeshona vidonda vya wenzake kwa nywele zake mwenyewe. Adui yao alikuwa mfalme asiye na uso, na nyuma ya kiti chake zimetundikwa nyuso za watu kama ngozi zinazoanikwa. Sikujua kusoma hata neno lao moja. Jumapili tukitoka kanisani niliwafunulia wazazi kurasa na kuwasimulia, pale nisipoelewa natunga. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, anauliza, "Mstari wa upanga ni mnene au mwembamba? Kivuli wamekijaza au wamekipiga vistari?" Nikamjibu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuchora giza, kwa kumweleza mtu asiyeona.

Mama hakumpenda shujaa wetu. Kijana alikuwa anapanda mnyama mkubwa mwenye mistari, na Usukumani kila mtu anajua ni nani anayepanda fisi.

"Shujaa gani huyo? Huyo ni nogi," mama akasema. "Mchawi mtupu!"

"Mama, huyu si fisi. Ni simba milia, wako Asia huko, tumewasoma shuleni."

"Simba ana mistari tangu lini? Mwenye mistari ni fisi. Funga kitabu chako."

Sasa sikilizeni kosa langu. Kila shujaa alipopiga pigo, kando yake palikuwa na alama moja nene, kubwa kuliko kichwa chake, yenye duara chini. Akivunja mlango, alama ile. Akimwangusha jitu, alama ile ile. Nikasema, eh, huyu anajitaja jina! Kwetu mcheza ngoma hafanyi jambo la maana bila kujigamba. Anaruka, anatua, anajitaja yeye ni nani ili upande wa pili usikie. Nikamwambia baba, naye akaafiki bila kusita. "Ndiyo. Mwanamume akipiga lazima ajitaje." Tukaridhika. Hakuna aliyewaza kwamba huko kwao labda watu hupigana kimya.

Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi kutoka Shinyanga mjini, mwenye malori na duka la mafuta ya kula, alileta lori jipya. Akamwambia baba, "Fundi, nifanyie kazi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nikiipenda, malori yangu yote yatakuja kwako." Baba akamwonyesha kitabu, amekishika juu chini. Nikakigeuza kama ninayepangusa vumbi. Yule mzee akapenda.

Nilichora siku tatu, kwa kuibia, mwenye lori akiwa mjini. Nyuma ya lori nikamweka kijana na kivuli chake, mnyororo ukizunguka ubao mzima. Mbele, juu ya kioo, nikaandika lile jina lake kwa rangi nyekundu, herufi moja tu, duara lake nimelichora kwa kamba na msumari likatoka safi. Mwenye lori alizunguka gari lake mara nne. Madereva wakamsifu baba, wakampa mkono, nami ninafagia. Nilifagia kwa hasira mpaka mama akaniambia nitatoboa ardhi. Malori yake mengine yakaja, moja moja, na yote niliyaandika jina la shujaa mbele.

Kisha siku moja saa nne asubuhi treni ilileta makasha ya mitambo ya kuchimbia, ya kupelekwa mgodi wa Bulyanhulu, na pamoja nayo mafundi wa kigeni. Mmoja wao alikuwa Mkorea, mtu mfupi mwenye kofia ya plastiki. Mizigo ilipangiwa kubebwa na malori ya yule mzee, naye mwenyewe alikuwepo, anasimamia. Yule Mkorea akageuka, akaona malori matatu yamejipanga mstari, kila moja na alama nyekundu kipajini.

Alicheka akashika magoti. Alivua kofia. Tulidhani amepatwa na kitu. Karani wa forodha akamuuliza kwa Kiingereza kuna nini. Yule bwana akanyoosha kidole kwenye alama, akasema kwa sauti kubwa, "Kwang!" na kupiga ngumi kwenye kiganja. Hatukuelewa. Akakunja ngumi mbili, zikaja moja huku moja kule, zikagongana. "Kwang!"

Karani akatugeukia. "Anasema si jina la mtu. Ni mlio. Vitu vikigongana kwa nguvu, wao huandika hivyo."

Watu wakaangua kicheko hadi kule kwenye mzani wa malori. Mwenye malori hakucheka. Alimgeukia baba. "Fundi. Umeniandikia ajali mbele ya magari yangu?"

Baba akasimama. "Kosa ni langu, mzee wangu. Nimeandika mimi. Nisamehe."

Aibu ya lile neno ilikuwa yangu, na hata hiyo anaichukua yeye! Nilijua kwa nini anafanya hivyo. Lakini nilikasirika, niseme ukweli, kama mtu aliyenyang'anywa.

Yule Mkorea hakuwa na habari na ugomvi wetu. Alikuwa amezunguka nyuma ya lori, ameacha kucheka. Aliupitisha mkono kwenye mnyororo, kwenye kivuli, polepole. Akaita. Karani akatafsiri: vitabu vya shujaa huyu alivisoma akiwa kijana kwao, na mchoro huu hauna tofauti na wa kule. Anaomba fundi amchoree uso wa shujaa pale kwenye kasha lake, aende nao mgodini. Akatoa chaki mfukoni, akampa baba.

Baba alishika chaki. Akanyoosha mkono wa pili kutafuta kasha, na kasha lilikuwa kulia kwake, si mbele. Mkono ukapapasa hewa. Ukapapasa tena. Nilimwona mwenye malori akiutazama ule mkono, kisha akimtazama baba machoni, na madereva mmoja mmoja wakifanya hivyo hivyo.

Nikatupa ufagio. Nilimshika baba mkono, nikaichukua chaki. Aliiachia mara moja, kana kwamba alikuwa ananisubiri. Nikachora nywele kwanza, kisha taya, kisha jicho moja, lile jingine nikaliacha gizani. Sikuinua chaki ila mara mbili. Mkorea akaguna.

Nilipomaliza nikamgeukia mwenye malori. "Mzee, shikamoo. Neno lile nililiandika mimi. Nilikosea, na nitalifuta leo kwenye magari yote. Baba hajakosa kitu. Baba haoni."

"Marahaba," akasema. Kisha, "Na picha?"

"Picha sikukosea."

Akakaribia kutabasamu. "Utaandika nini pale mbele?"

Baba ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ya kuita wateja, amewageukia watu wote ingawa hakumwona hata mmoja. "Ataandika mtakachotaka. Fundi ndiye huyo. Mimi siku zote hizi namchanganyia rangi tu."

Nililia hapo hapo, sioni haya kusema. Baba akanisogelea, akapapasa kasha mpaka vidole vyake vikafika kwenye mistari ya chaki.

"Umeweka jina lako chini?"

"Bado, baba."

"Weka."

Nikaandika. Akauliza nimeshaandika, nikasema ndiyo.

"Lisome basi, ng'wana wane, mwanangu," akasema. "Kwa sauti, na hawa wasikie."

Nikalisoma.