Ukikatizwa, Anza Upya

Wengi humkumbuka profesa wangu kwa upole. Waongo. Alikuwa mkali kama pilipili, na mimi nilimpenda kwa ukali huohuo. Darasani alikuwa na sheria moja: shairi halisomwi kwenye karatasi, linatoka kichwani, na ukikatizwa katikati huombi radhi wala huendelei ulipoachia. Unaanza upya, ubeti wa kwanza. Simu ikilia, anza upya. Mtu akibisha mlango, anza upya. Siku moja tulikosa chakula cha mchana kwa sababu mvua ya mawe ilipiga mabati na mwenzetu akarudishwa mwanzo mpaka ilipokatika.

Tulipomaliza chuo, alimpa kila mmoja wetu shairi lake moja ambalo hakuwahi kulichapisha. Langu lilizungumza na jembe:

Jembe langu la mkono, tulime hata jiweni.

Na kila ubeti ulifungwa na kibwagizo kilekile:

Aliyelima ni wetu, usimuulize kwao.

"Hili ni lako," aliniambia. "Mimi nikilisahau, nitakuja kuliulizia."

Na kweli alikuja. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia kabla sijazaliwa. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, wenye asili ya kwingine walipokuwa wakifukuzwa, nilikuwa nafundisha Kiswahili Kitale, mji wa hukohuko, nimepanga nyumba mtaa wa Tuwan, na jirani niliyekuwa nikimwachia ufunguo wangu alianza kuniuliza nitahama lini. Barabara ilipofunguka tu, profesa, mzee mstaafu mwenye magoti mabovu, alitoka kwake Bungoma akaja kubisha kwangu na furushi la sukuma wiki. Pole hakunipa. Aliketi akasema, "Haya, nisikie."

Nikaanza. Ubeti wa pili haukuisha, nikalia. Alingoja nipenge kamasi.

"Anza upya."

Nililitamka lote, macho yamevimba. Akanywa chai, akaenda zake. Nilikuwa nimeshafunga mizigo. Jioni hiyo niliifungua.

Alifariki mwaka uliofuata. Mjane wake alinipigia simu, maneno machache tu: "Uje na shairi lako." Nikafunga safari ya Bungoma.

Nyumbani kwake nilikuta mahema, vipaza sauti, na viti vya waheshimiwa vimevishwa vitambaa vyeupe. Shahada zake zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye ratiba. Shairi lilikuwa limebanwa kati ya kwaya na salamu za viongozi. Mfawidhi, mtu wa kamati ya mazishi aliyeongoza shughuli, alinijia na kipaza sauti mkononi.

"Dada, wewe ndio wa shairi? Kwenu ni wapi?"

"Kitale."

"Kitale ya kuzaliwa ama ya kununua?"

"Ya kufundisha," nikamjibu.

"Haya, lakini dakika mbili tu, bana. Mheshimiwa ako njiani." Kisha akawageukia watu: "Sasa tuburudishwe kidogo!"

Burudani! Mtu amelala ndani ya jeneza, ametoa umri wake wote kwa maneno, na maneno yake yanaitwa burudani. Niliapa moyoni kwamba siku hiyo sheria ya profesa itafuatwa hata kama tutazika kwa tochi.

Nikaanza. Nilikuwa ubeti wa tatu magari ya mheshimiwa yalipoingia yakipiga honi. Mfawidhi akaninyang'anya kipaza sauti. "Tumpokee mheshimiwa! Dada atamalizia baadaye."

Sikuketi. Nilisimama palepale kando ya jeneza mpaka wageni walipokwisha kusalimiana na kukalia vitambaa vyao. Kisha, bila kipaza sauti, nikaanza upya. Jembe langu la mkono.

Mfawidhi alinivumilia kidogo, halafu akaita, "Makofi kwa dada, jameni! Asante sana!" Watu wakapiga makofi. Nilingoja yaishe. Nikaanza upya.

"Ati huyu ana nini?" nilimsikia mheshimiwa akimwuliza aliyeketi jirani yake. Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini kurudi Kitale na shairi nusu sikuweza.

Nilipofika mwisho wa ubeti wa kwanza, akina mama wa upande wa jikoni wakakidaka kile kibwagizo kabla sijakitamka. Si walikuwa wameshakisikia tangu mwanzo? Aliyelima ni wetu. Ubeti wa pili, wanakwaya wakaingia. Wa tatu, hema zima. Mfawidhi alibaki amekishika kipaza sauti chake, hana pa kukipeleka. Kila ubeti sasa nilikuwa nasukumwa na watu ambao asubuhi wangeniuliza kwetu ni wapi, na nilifika mwisho nikiwa nalia na sijakatika hata neno moja.

Mhubiri akainuka aombe.

Mjane alimwinulia mkono aketi. Akanitazama kwa ukali nilioujua vizuri mno.

"Mheshimiwa amekohoa pale katikati," alisema. "Anza upya, mwanangu."